Siku Tisa za Citoyen Sikuli

Barua ya maabara ya Kinshasa ilifika kwa ndege ya Jumanne, daktari akiwa Kailo kwa kazi ya chanjo. Aziza, muuguzi mkuu wa wodi ya wanaume, akaifungua. Citoyen Sikuli hakuwa na saratani. Kile kipande cha nyama walichokitoa pafuni mwake kwa sindano, kati ya mbavu, kilikuwa gegedu na mafuta tu: uvimbe wa nadra, usioua mtu.

Aziza akaikunja barua, akaitia mfukoni mwa koti lake jeupe.

Sikuli alikuwa mkubwa wa chama tawala pale Kasuku, chama kilichotaka kila mtu aitwe citoyen, yaani mwananchi. Mwaka 1974, miaka minne nyuma, alimshtaki Masudi, kaka yake Aziza, kwa maandishi kwamba anatukana chama. Askari walimchukua asubuhi, sabuni ya kunyolea ikiwa bado mashavuni. Hakurudi. Mama yao alipokwenda kuuliza, Sikuli alimwambia aache kulia, akacheze ngoma za chama kama wenzake.

“Jibu limefika?” Sikuli aliuliza kutoka kitandani mwake wodini.

“Bado, citoyen.”

Siku tisa alimjibu hivyo. Alimwona akikataa chakula, akijipapasa mbavu, akishtuka kila akikohoa, na moyo wa Aziza ukaburudika. Siku ya kumi Aziza alimleta mama yake mwenyewe, akamketisha kando ya kitanda.

“Kifo kiko mlangoni, citoyen. Mwambie mama mutoto wake iko wapi.”

Wagonjwa wa vitanda vingine wakageuza vichwa. Sikuli alitazama dari.

“Alikufa siku ya pili. Walimzika porini, upande wa Lokandu. Hakutukana mtu. Ni mimi njo nilitunga yale maneno. Alinicheka mbele ya watu.”

Mama hakulia. Aliinuka, akamtemea mate usoni, akatoka.

Hapo Aziza akaitoa barua na kumwekea kifuani. Sikuli aliisoma mara mbili, kisha macho yake yakatua kwenye tarehe: siku kumi na zaidi zilikuwa zimepita.

“Ulijua!”

“Nilijua.”

“Nitakufunga!”

“Nifunge. Wagonjwa kumi na wawili wamekusikia.”

Hakumfunga. Habari ilishafika sokoni, na wanawake wakawa wanamsonya Sikuli kila apitapo, hata akaomba kuhamishwa mkoa. Aziza naye alifukuzwa kazi mwezi uleule, na hakujutia hata siku moja kati ya zile tisa. Kilichomkera ni kwamba barua ilisema kweli: yule mtu angeishi, pengine mpaka uzee.