Kura ya Viatu

Balaa lote lililetwa na mabuti. Majira ya baridi ya mwaka 1973, Shiraz Bhai, mwenye kiwanda cha makoti pale Southall, aliwagawia wanachama wote hamsini wa jumuiya yao jozi moja moja ya mabuti meusi, mapya, ya aina moja. Bure kabisa! Na mwezi uliofuata yeye huyo huyo alikuwa anagombea tena uenyekiti. Hata mtoto mchanga angenusa.

Jumuiya ilikuwa ya Wahindi waliofika London kutoka Kenya na Uganda, Wagujarati na Wapunjabi ambao mkutanoni walisikilizana kwa Kiswahili. Uenyekiti wake haukuwa cheo cha mapambo. Mwenyekiti ndiye aliyeandika barua za kuwaombea viza jamaa waliokwama Nairobi, na Shiraz Bhai aliwaandikia watu wake kwanza. Bhanu, ambaye mumewe Ramesh alishona makoti katika kiwanda hicho hicho, yakamfika shingoni. Akatunga kifungu cha kuongeza kwenye katiba: mgombea asimpe mwanachama zawadi wala hela mwaka wa uchaguzi. Akapita nyumba kwa nyumba, akapata sahihi ishirini za akina mama, kifungu kikapangiwa kura ya mkutano wa Jumapili.

"Sahihi za jikoni," Shiraz Bhai akacheka.

Alicheka kwa kuwa kila nyumba ilikuwa na kura moja, na kura ilikuwa ya mwanamume. Hata hivyo hakulala usingizi. Ijumaa msimamizi wake alipita kwenye mashine, ambako karibu wanachama wote walifanya kazi, akinong'ona: mkono utakaopanda Jumapili, Jumatatu usije kazini.

"Mkono wangu hautapanda, Mama Jaya," Ramesh alimwambia mkewe. "Tukifukuzwa tutakula nini? Katiba?"

Jumapili wakaenda hivyo hivyo. Walipofika ukumbini na kuvua viatu nje, kwenye ushoroba, kama desturi yao, Bhanu akayaona yale mabuti yamejipanga, yote sawasawa, na wazo likamjia.

Wakati wa kura ulipofika akasimama. "Tusinyooshe mikono. Kila mtu atoke peke yake, ahamishe mabuti yake. Anayekubali aweke kulia, anayekataa kushoto. Nani atajua ya nani?"

Katibu, Sardar Gurdial, akaupenda mpango. Shiraz Bhai naye akatabasamu tu, na tabasamu lile Bhanu hakulipenda.

Wakatoka mmoja mmoja. Kupitisha kifungu kulihitaji thuluthi mbili. Sardar Gurdial akahesabu, akarudia, akapaza sauti: kulia thelathini na sita, kushoto kumi na nne. Kimepita! Akina mama wakashangilia, Bhanu akalia kwa furaha.

Lakini Shiraz Bhai alikuwa ameshatangulia ushorobani. Alisimama kando ya mabuti, mikono kifuani.

"Haya, ndugu zangu," alisema kwa upole. "Vaeni mwende nyumbani. Nje kuna baridi."

Lahaula! Akili zote zile, na Bhanu hakufikiri kwamba aliyeweka kiatu atakuja kukichukua! Watu wakasongamana mlangoni, hakuna aliyethubutu kuinama. Wengine walimtazama Bhanu kwa hasira, naye alistahili. Kazi za watu thelathini na sita zilikuwa zimelala pale sakafuni.

Ramesh ndiye aliyetoka mbele. Bhanu akataka kumshika shati, mkono ukakataa. Ramesh hakutazama kulia wala kushoto. Akapita katikati ya mabuti, mbele ya bosi wake, akafungua mlango, akatoka na soksi zake, moja imetoboka kidoleni, akakanyaga theluji iliyoyeyuka.

Sardar Gurdial akamfuata. Kisha mwingine, kisha wote, wa kulia na wa kushoto, ukumbi mzima wa wanaume wakirukaruka kwenye maji ya barafu na kutukana kwa Kipunjabi. Shiraz Bhai akabaki na jozi zake hamsini.

Kwenye kituo cha basi meno ya Ramesh yalikuwa yanagongana.

"Baba Jaya," Bhanu akamuuliza polepole, "yako uliweka wapi?"

"Kura ni siri, Mama Jaya. Si umesema mwenyewe?"

Bhanu akainama, akavua viatu vyake, akavitia kwapani, akasimama naye.