Mchumo wa Kwanza wa Roshila

Roshila Tamang alivuta funda la kwanza kwa ule mlio wa kuchana kitambaa ambao waonjaji wote huufanya, na kabla chai haijafika kooni akajua maisha yake yamekwisha.

Hakuitema. Mwonjaji hutema kila funda, ndiyo kazi yenyewe, na ndoo ya kutemea ilikuwa pale pale mguuni pake. Lakini yeye alimeza, kisha akabaki amesimama na kijiko mkononi kama mtu aliyeitwa jina lake na marehemu.

Akasuuza mdomo. Akavuta kutoka kikombe cha pili. Kile kile. Cha tatu, kile kile, tena kimezidi. Rangi ilikuwa haina lawama, dhahabu changa inayopitisha mwanga. Majani yaliyochemshwa yalilala juu ya vifuniko vya birika, ya kijani kijani, laini, kama yametoka kuchumwa. Kwa macho ilikuwa chai ya kuolewa nayo. Mdomoni ndipo palipokuwa na msiba.

Na si msiba wa kikombe kimoja. Yule mtengenezaji chai wa zamani wa shamba la Lalikharka alipostaafu kwa sababu ya magoti yake, Bwana Mkubwa, yaani meneja Chettri, alimwachia Roshila mchumo wa kwanza wa mwaka. Mwanamke, tena mtoto wa mchumaji. Watu walicheka mpaka bondeni. Masharti yalikuwa mafupi: Bwana Halder, mnunuzi wa Kolkata, akiipenda chai hii, kiwanda ni cha Roshila. Asipoipenda, kuna mwanamume huko Siliguri ameshakunja blanketi lake, anasubiri simu tu. Na Bwana Halder alikuwa njiani anapanda, asubuhi hiyo hiyo.

"Kaka Norden," aliita. "Njoo uonje."

Norden Lepcha, mkubwa wa chumba cha kusokotea majani, alichungulia mlangoni. "Mimi? Leo malkia wa kiwanda ananiomba mimi ulimi? Ngoja basi nifute mdomo, nimetoka kula pilipili."

"Njoo hivyo hivyo."

Norden akavuta funda. Macho yake yakaanza kuzunguka chumba taratibu, kama mtu anayetafuta viatu vyake mlangoni mwa hekalu. Akatema. Akajifuta.

"Dada, nivue viatu au nibaki navyo?"

"Sema ulichoonja."

"Nimeonja hekalu. Lama yumo anasali, taa za siagi zimo. Ngoma tu ndiyo sijaisikia."

"Usinitanie, kaka. Leo usinitanie."

Norden alipomtazama vizuri usoni, utani ukamkauka. Akavuta tena, safari hii kwa makini. "Ni ubani," alisema kwa sauti ya chini. "Ubani wa mti wa mreteni. Uliionja ilipotoka tanurini?"

"Kila siku. Haikuwa na kitu."

Lakini hata yeye alijua jibu lake halina uzito. Chai ikitoka tanurini hunuka joto tu, na ni mpaka ipumzike ndani ya kasha ndipo inapoanza kusema yaliyoipata. Na pua ya Roshila ilikuwa shahidi mbaya. Alizaliwa ndani ya moshi wa mreteni. Kwao ulifukizwa alfajiri na magharibi, ulikaa kwenye shali, kwenye nywele, kwenye unga. Kumwuliza Roshila kama kuna ubani ni kumwuliza samaki kama kuna unyevu.

Walipanda mbio kwenye dari ya kunyaushia. Pale majani mabichi hulazwa usiku kucha kwenye vihori virefu vya waya, na chini yake feni kubwa husukuma hewa ipite katikati yao mpaka yalegee. Wiki nzima Roshila alilala humo humo kwenye godoro, akiyapapasa majani kama mama mwenye mtoto wa homa. Kihori cha kwanza, hamna kitu. Cha pili, hamna. Norden akainama kwenye mdomo wa feni, akaingiza kichwa, akatoka nacho polepole sana.

"Dada. Usije ukaanguka."

Palikuwa na bakuli la shaba limejaa majivu. Pembeni yake shada la maua lililonyauka. Na kwenye wavu wa feni, kitambaa cheupe cha baraka, kimefungwa fundo safi la mtu asiye na haraka.

Roshila alilijua bakuli. Lilikuwa na pengo ukingoni, na pengo lenyewe alilitia yeye alipokuwa na miaka saba. Akakaa chini sakafuni.

Phulmaya, mama yake, alikuwa uani na wachumaji wenzake, kapu mgongoni na mkanda wake kipajini, wanasubiri kupimiwa majani ya asubuhi. Alipoitwa alipanda ngazi akihema na kutabasamu, akifikiri anaitwa kupewa habari njema.

"Mama, hiki ni nini?"

"Bakuli langu. Nilikuwa najiuliza nimelisahau wapi."

"Ulikuwa unafanya nini humu?"

"Nikikuombea. Wewe ulikuwa chini umeshughulika na mashine zako, lazima mtu akuombee. Babu yako alipojenga banda la ng'ombe alilifukizia. Ng'ombe wawili, Roshila. Wewe umepewa kiwanda kizima, nikuache hivi hivi?"

"Chini ya feni, mama?"

"Mwanzoni niliweka mlangoni, moshi ukawa unatoka nje, unapotea bure. Ndipo nikaona hili dude linavuta." Phulmaya alilipiga feni kofi la mapenzi, kama mgongo wa nyumbu. "Nikasogeza bakuli hapa. Laiti ungeona moshi ulivyoingia. Ulipita jani kwa jani, hakuna hata moja lililokosa."

Norden aligeukia ukuta. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na haikujulikana kama ni kicheko au kilio.

"Mara ngapi?" Roshila aliuliza. "Ulifukiza mara ngapi?"

"Kila jioni nilipokuletea chakula. Kwani wewe ulikula mara moja?"

Kila jioni. Basi si kasha moja, si mawili. Mchumo wote wa kwanza mpaka jana, kila kikonyo kilichokatwa tangu milima iamke kutoka kwenye baridi, ulikuwa umebarikiwa mpaka kwenye mishipa. Roshila alifungua mdomo amwambie mama yake alichofanya, akauona uso ule unaong'aa kwa jasho na fahari, akafumba mdomo. Kule chini gari la mnunuzi lilikuwa linapiga honi kwenye kona ya mwisho.

"Tuseme ni dawa ya kifua," Norden alinong'ona wakishuka. "Au tumpe ya mwaka jana."

"Ya mwaka jana ataijua kabla hajainama."

"Basi tuombe na yeye awe na mafua."

Bwana Halder hakuwa na mafua. Alikuwa amejihami nayo, kama watu wote wa Kolkata wakipanda milimani: jua linawaka, vijana uani wamevaa mashati mepesi, na yeye kavaa kofia ya sufu iliyofunika masikio mpaka kidevu. Alipoivua kwenye chumba cha kuonjea, ilikuwa kama jogoo ametoka kwenye gunia. Bwana Mkubwa alimfuata nyuma akipangusa mikono. Mzee Mangale, mtu wa tanuri, alisimama karibu na mlango akiwa na kuni mkononi, kwa kuwa siku ya mnunuzi kila mtu hutaka kusikia.

Maji yakamwagwa. Chai ikakaa dakika zake.

Bwana Halder akavuta, akatema, akasogea. Akavuta, akatema, akasogea. Mwishoni mwa meza akasimama, akarudi kikombe cha kwanza. Mnunuzi akirudi cha kwanza, ama amependa sana ama anatafuta maneno.

"Moshi," alisema.

Neno moja, na rangi ikamtoka Bwana Mkubwa. Akageuka mzimamzima kuelekea mlangoni. "Tanuri linavuja. Nilijua. Mangale, wewe macho yamekwisha na bado unang'ang'ania moto. Nimekuvumilia kwa miaka mingi. Kabidhi funguo leo hii, uende kwa wajukuu wako."

Mzee Mangale aliziweka kuni chini, moja moja, bila kupiga kelele, kama aliyekuwa akiingojea siku hii.

Hapo Roshila aliona mlango umefunguliwa mbele yake, mpana, wa kupita na mzigo kichwani. Tanuri kuvuja ni jambo la kila mahali. Angenyamaza tu. Mangale angekwenda nyumbani, mama asingetajwa, na yeye angehurumiwa, huenda hata kupewa nafasi nyingine. Kunyamaza kulikuwa rahisi kuliko kumeza. Akamtazama yule mzee akitafuta funguo kwenye mfuko wa koti, akikosea mfuko.

"Si tanuri, bwana," alisema. "Ni ubani. Nilifukiza mimi, kule kwenye vihori."

Bwana Mkubwa alikaa kwenye ukingo wa meza, na kikombe kikaanguka na kuvunjika bila mtu kukiangalia. "Wewe?" alisema. "Wewe niliyekusomesha kuonja? Uliwasha ubani juu ya majani mabichi?"

"Ndiyo."

"Msimsikilize."

Sauti ilitoka dirishani. Phulmaya alikuwa nje, kapu bado mgongoni, viwiko vimeegemea kizingiti kama yuko kwa jirani. Nyuma yake vichwa vya wachumaji sita au saba vilikuwa vimepangana.

"Huyo hajui hata kuuwasha," aliendelea. "Sikukuu ya mwaka mpya aliunguza zulia la shangazi yake. Nimefukiza mimi, Phulmaya. Kama kuna thawabu, ni yangu."

"Thawabu," Bwana Halder alirudia polepole. Alichukua kikombe, akavuta funda jingine, akalizungusha. "Mreteni wa wapi, mama?"

"Wa juu kabisa, Sandakphu. Si ule wa sokoni wanaouchanganya na takataka."

"Ndiyo maana hautoki mdomoni," alisema Bwana Halder, na akaitisha maji ya kusukutua.

Mtu mmoja kule dirishani alianza kucheka, akanyamazishwa. Bwana Mkubwa hakucheka. Alikuwa ameshatoa simu, anaitafuta namba ya Siliguri.

"Bwana, kabla hujapiga," Roshila alisema. "Mteremko wa juu haujachumwa. Majani yake yanaletwa leo. Nipe usiku mmoja na dari iliyooshwa. Kesho asubuhi uonje. Ikiwa mbaya, nitampokea huyo mtu wa Siliguri mwenyewe, nimwonyeshe pa kulala."

"Bwana Halder hawezi kukaa hapa akingoja..." Bwana Mkubwa alianza.

"Bwana Halder hana mgongo wa kuteremka ile njia leo," alisema mwenyewe akivaa tena kofia yake. "Nitalala. Kesho nitaonja kikombe kimoja. Kimoja tu, binti. Na yule mama awe mbali."

Siku hiyo dari ilisuguliwa mpaka mbao zikabadilika rangi. Roshila alinyolewa nywele? La, lakini ilikaribia. Alioga kwa maji baridi na sabuni ya kufulia, akaazima nguo za mke wa Norden. Mama yake alikabidhiwa kwa mke huyo huyo, ambaye aliagizwa asimwache aende hata chooni peke yake. Phulmaya hakugombana. Aliuliza mara moja tu kama kweli chai inaweza kutoka bila kuombewa na mtu yeyote, na alipojibiwa ndiyo, alikaa kimya jioni nzima, na hilo liliwatisha wote kuliko makelele.

Asubuhi chai ilikuwa bado ina joto la tanuri ndani yake. Haikupumzika. Roshila alijua ingekuwa kali, haijatulia, na hapakuwa na la kufanya. Alipima, akamwaga maji, akasogea nyuma, mikono mgongoni.

Bwana Halder alivuta. Roshila alimwona akizungusha mdomoni, akamwona shavu likitulia. Bwana Halder akatema.

"Bado mtoto," alisema. "Lakini ni nyasi mbichi, ni ua, na mwishoni kuna tunda. Ile ya mwanzo siichukui hata kasha moja, wauzieni wenye vibanda wakaichemshe na maziwa na tangawizi. Ya mteremko wa juu naitaka yote, mpaka mchumo wa kwanza uishe."

Bwana Mkubwa aliguna. Akamtazama Roshila, akatazama simu yake, akaitia mfukoni. "Kiwanda ni chako mpaka mchumo wa pili basi," alisema. "Halafu tutaona. Na ngazi za darini ziwekwe kufuli."

Phulmaya alikuwa ameruhusiwa kusimama mlangoni, Norden upande mmoja, mkewe upande wa pili, kama mfungwa wa heshima. Miaka yote aliyochuma, chai yake ya nyumbani ilikuwa vumbi jeusi la kibandani, maziwa, sukari na chumvi kidogo. Hakuwahi kunywa hii. Roshila akajaza kikombe cheupe, akampelekea kwa mikono miwili.

Mama yake alikunywa. Akasubiri. Akanywa tena, akaangalia ndani ya kikombe kama kuna kitu kimezama.

"Ndiyo hii?"

"Ndiyo, mama."

"Hujasahau kutia kitu?"

"Sijasahau."

"Hii ndiyo inayoniamsha na giza? Hii ndiyo inayopanda ndege kwenda Ulaya?" Alimtazama mnunuzi kwa huruma ya kweli, jinsi unavyomtazama mtu aliyeibiwa na bado hajajua. "Sasa naelewa kwa nini mnaitema, bwana. Mimi mwenyewe nimejizuia kwa adabu tu."

Bwana Halder alipaliwa, Norden akampiga mgongoni, na Bwana Mkubwa akasahau kukasirika. Mzee Mangale alikuwa ameshainama kwenye kuni zake. Roshila hakungoja kusikia zaidi. Trekta la majani lilikuwa linanguruma uani, vihori juu vilikuwa vitupu, na akapanda ngazi mbilimbili akikunja mikono ya nguo ya kuazima.