Pasi Imepoa

Katika mtaa ule wanaume waliendesha malori, walijenga, au walikaa tu. Wanawake walifua. Mwenye bahati alifulia ndani, kwenye banda la udobi la Madamu lililopokea mashuka na sare za mahoteli. Asiye na bahati alizunguka na beseni kichwani, akibisha hodi kuuliza kama kuna nguo chafu. Aliyekosa yote hayo aliwalelea watoto wao wale wenzake waliopata.

Pasi alikuwa wa ndani. Jina lake halisi lilishasahaulika. Waliliacha tangu walipoona kola zikitoka mikononi mwake zimesimama wima kama askari. Hakuolewa. Alimlea mdogo wake wa kiume kwa mvuke wa lile banda, akamlipia mafunzo ya udereva, akamwoza. Mke huyo alipofukuzwa kazi ya kufagia sokoni, Pasi ndiye aliyekwenda kumwombea kwa Madamu.

"Ni wifi yangu. Nitamfundisha mwenyewe."

Akamfundisha kunyunyiza maji, kuanza na mikono ya shati, kumalizia na kola. Wifi alikuwa mwepesi wa kushika. Haukupita muda wakawa wanasimama meza moja, wakisengenya na kucheka, hadi vidole vya Pasi vilipoanza kuvimba.

Asubuhi vilikuwa vigumu kama vijiti. Pasi ya moto aliweza kuisukuma kwa kiganja, lakini vifungo vilimshinda, na hakuna shati lililokunjwa pale bila kufungwa vifungo. Wifi akawa anayavuta yale mashati chini ya meza na kuyafunga harakaharaka.

"Tulia, wifi yangu. Nani atajua?"

Kisha ikaja mashine ya kunyoosha mashuka. Madamu alipanda juu ya kreti la sabuni, akapiga makofi.

"Mashine hii haiumwi wala haizai," alisema. "Kwa hiyo watu watapungua. Na humu ndani kuna mtu anabebwa, najua. Mnitajie ni nani. Mkikaa kimya, naondoa meza nzima nzima."

Wanawake wakatazama viatu vyao. Mvuke ulifuka. Pasi akamwangalia wifi yake, na wifi akaangalia pembeni.

"Ni wifi yangu, Pasi," alisema mke wa mdogo wake. Hakupaza sauti. "Vifungo vyake namfungia mimi."

Madamu hakukasirika, ungedhani kaletewa zawadi. Akaagiza shati la mhudumu wa hoteli, akaliweka mbele ya Pasi.

"Funga. Wote sogeeni muone."

Pasi akaanza. Kifungo cha kwanza kilimponyoka. Akakirudia, kikamponyoka tena. Jasho lilimdondokea kwenye shati lile jeupe.

"Unalilowesha!" Madamu akasema. "Hebu cha chini basi, labda hicho kina huruma."

Nyuma mtu akapiga kelele, "Pasi imepoa!"

Banda zima likaangua kicheko. Wifi naye alicheka, kwa kuchelewa, mkono mdomoni, kama mtu anayeogopa kubaki nyuma. Wengi wa waliocheka walifundishwa kazi na Pasi.

"Vua aproni," Madamu akamwamuru. Pasi alihangaika na fundo mgongoni bila kulifikia vizuri. "Wewe, mfungulie. Si umeshazoea?"

Wifi akamfungulia.

Nyumbani, mdogo wake alisikiliza habari yote huku akijipepea kwa kofia.

"Sasa dada, ungetaka mfukuzwe wote wawili?" aliuliza. "Mwenzako kafikiria nyumba."

"Nyumba hii nani kaijenga?"

"Usianze." Akamtazama mkewe, mkewe akatikisa kichwa kidogo; ilionekana wameshazungumza. "Wewe utakaa na mtoto wetu. Yaya hatumhitaji tena. Mwambie wewe, wewe ndiye uliyemleta."

Yaya alikuwa mama mtu mzima, na mtoto wake mwenyewe alimwacha kwa bibi yake mbali ili aje kulea wa wengine. Pasi alimkuta uani akimwogesha mtoto.

"Funga mizigo yako," alimwambia.

"Nimekosa nini, dada?"

"Hujakosa. Unabebwa tu."

Neno lilimtoka likamwacha na ahueni ya ajabu, kama kutua beseni zito. Yaya akamfuta mtoto, akamkabidhi, akaleta fuko lake. Pasi akamsimamisha mlangoni.

"Limwage."

"Dada, mimi nikuibie?"

"Limwage nione."

Zilianguka kanga mbili, chanuo, na gauni la kijani ambalo Pasi mwenyewe alimpa siku moja alipomwona ameloa mvua. Wifi na mdogo wake walisimama dirishani wakitazama.

"Gauni hilo si lako, wifi?" wifi akamuuliza Pasi kutoka ndani.

Pasi alijua jibu. Alijua pia kwamba walio dirishani ndio watakaompa chakula kuanzia kesho.

"Ni langu," alisema. "Nilimwazima."

Yaya aliliacha gauni pale chini. Aliokota vilivyobaki, akambusu mtoto utosini, akatoka. Mtoto akaanza kulia akimnyooshea mikono, akimsukuma Pasi kifuani kwa nguvu zake zote.

"Mbembeleze basi," wifi alisema, akarudisha pazia.