Mjomba Makungu na Mlinzi wa Ghala

Mjomba wangu Makungu alirudi Unguja mwaka 1965, baada ya miaka ishirini na saba huko Shelisheli. Nilikwenda bandarini peke yangu kumpokea. Mama yangu, dada yake, alikuwa ameshafariki, na jamaa zetu wa Tumbatu walisema hawana mtu wa jina hilo. Alishuka na mfuko wa turubai begani, mgongo umepinda, mikono imejaa makovu ya kufua nazi.

Kosa lake nililijua tangu mdogo. Mama alinieleza mara moja tu, akanikataza kulitaja. Ijumaa moja ya mwaka 1938, watu wakiwa msikitini, Makungu aliingia kwenye ghala la karafuu la tajiri mmoja wa Bububu akabeba gunia. Mlinzi, mtu mmoja akiitwa Mjaka, alimkuta mlangoni, akamshika nguo. Makungu akamsukuma. Mjaka alianguka, kichwa kikapiga jiwe la mizani, akafa pale pale. Jaji Mwingereza hakumnyonga. Alimpa miaka ishirini na kumpakia melini na wafungwa wengine. Kifungo kilipokwisha mjomba hakurudi, kwa kuona haya. Alibaki kule kufanya kazi kwenye mashamba ya watu, mpaka aliposikia kwamba Mwingereza ameondoka kwetu.

Katibu wa tawi letu la chama, Abrahman, hakuyajua hayo. Alisikia tu kwamba yupo mzee aliyehamishwa na wakoloni. Akaja kwangu Ng'ambo, kwenye chumba kimoja kilichokuwa kikivuja, nilimokaa na wanangu watatu.

"Mzee wangu," aliuliza, "hawa wakoloni walikuondoa kwa sababu gani?"

Mjomba akanitazama. Nikajibu mimi.

"Aligombana na watu wao."

Ndivyo nilivyosema. Sikudhani kama ni uongo mkubwa. Abrahman akaandika kwenye daftari lake, na mwezi haujesha tukapewa vyumba viwili Malindi, katika nyumba ambayo wenyewe walikuwa wameikimbia wakati wa Mapinduzi. Vilikuwa na madirisha marefu na sakafu kavu. Niliingia bila kuuliza lolote.

Mjomba akawa anapandishwa majukwaani. Mwanzo alikuwa akisema maneno machache na kukaa. Watu wakampigia makofi, akazoea. Mwaka wa pili akawa anahadithia mwenyewe: kwamba alipigana na kibaraka wa mkoloni aliyekuwa akiwachapa wachukuzi kwa bakora. Mimi nilimpigia kanzu yake pasi kila siku ya mkutano.

Mwaka 1967 mkutano ukafanyika Bububu. Mbele kabisa, kwenye mkeka wa wanawake, alikaa mwanamke wa rika langu ambaye hakupiga makofi hata mara moja. Watu walipotawanyika akatufuata.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Mimi naitwa Sichana. Sichana binti Mjaka."

Mjomba akatafuta pa kushika. Nikampa bega langu.

"Sikuja kukutukana," Sichana alisema. "Ulifungwa, yamekwisha. Lakini binti yangu yuko darasa la nne, na wenziwe wanamwita mjukuu wa kibaraka. Nataka kukuuliza kitu kimoja. Baba yangu alikuwa na bakora?"

"Hakuwa nayo."

"Alikuwa na nini?"

"Tasbihi," mjomba alisema. "Alinishika kwa mkono mmoja tu, wa pili ulikuwa na tasbihi."

Sichana aliitikia kwa kichwa, akaenda zake.

Tulirudi mjini. Nilipomwekea chakula akakisogeza. "Mize," aliniambia, "kule nilikuwa nikimkumbuka yule mtu kila Ijumaa. Tangu nirudi nimemsahau."

Kesho yake alikwenda kwa Abrahman, nami nikamfuata. Alitaka aruhusiwe kusema kweli.

"Mzee wangu, umechoka," Abrahman alimjibu. "Habari zako zishafika mbali. Ukizigeuza sasa, mimi nitaeleza nini kwa wakubwa?" Tulipofika mlangoni akanirudisha kidogo. "Bi Mize, mtulize mjomba wako. Vile vyumba vya Malindi wapo wanaovisubiri."

Nilimwambia mjomba anyamaze. Nilimwambia siku hiyo, na siku ya pili, na asubuhi ya mkutano uliofuata nikagoma kumpigia pasi kanzu yake. Akaivaa na mikunjo yake.

Akapandishwa tena jukwaani Bububu mbele ya watu wale wale, Abrahman akidhani nimeshamtuliza. "Mjaka hakuwa kibaraka wa mtu," alisema. "Alikuwa mlinzi, akifanya kazi yake. Mimi nilikuwa mwizi, nikamwua. Niliyowaambia siku zote ni uongo."

Abrahman alichukua kipaza sauti akasema mzee anaumwa. Wengine wakacheka, wengine wakaanza kuondoka. Sichana alikuwa amekuja na binti yake. Aliinuka, akamshika mkono.

"Umesikia?" alimuuliza.

"Nimesikia, mama."

Hakuna aliyemkamata mjomba. Tulinyang'anywa vyumba tu, tukarudi Ng'ambo, na watu wa tawi wakaacha kutusalimia. Mimi nilikasirika naye miezi mingi. Nilimpa chakula bila ya neno, naye alikula bila kulalamika.

Alifariki mwaka 1971. Waliokuja matangani walihesabika. Siku ya pili akaingia Sichana, akakaa na wanawake, akasikiliza khitma mpaka mwisho. Alipotaka kuondoka akaniinamia.

"Wewe ulikuwa ukijua tangu mwanzo?"

"Nilikuwa nnajua."

Alinitazama kama anayengoja niongeze kitu. Mimi nikamsogezea viatu vyake. Akajifunga buibui lake, akavaa viatu.

Siku hizi hukutana naye Darajani, tukinunua samaki. Yeye hunisalimia vizuri tu. Mimi huitikia nikiwa nimeinamisha macho kwenye kikapu, na mara nyingi nikimwona kwa mbali hupita njia nyengine.