Umeme wa Tone la Damu

Bi Biasha wa Paje alijikata mguu kwa kombe, gamba la baharini, kwenye shamba lake la mwani wala hakuhisi. Alipofika nyumbani akaona nyayo za damu sakafuni, akauliza nani kaumia.

Habari hiyo ilimkuta Ilham, mtoto wa kaka yake, maabara ya chuo huko mjini, naye akashuku ugonjwa wa sukari, maana huua hisia za miguu. Ilham ni mkemia, na wakati huo alikuwa akitengeneza vijiti vya kupimia sukari. Vya kuagizwa, vikiachwa kwenye joto na unyevu wa kisiwani, huharibika. Yeye alitaka vitakavyostahimili. Kila kijiti kina kimeng'enya, protini iliyotolewa kwenye kuvu nyeusi, jamaa ya ile inayoozesha vitunguu. Ndani ya damu yenye kila namna ya vitu, kimeng'enya hicho huichagua glukosi peke yake, huivunja, na katika kuivunja hutoa umeme mdogo mno. Umeme ukizidi, ndiyo sukari imezidi.

Shida ilikuwa kukilinda kisife. Mara zote kilimfia mkononi. Safari hii, kabla ya habari za shangazi, alikuwa amekifunika kwa utomvu aliouchemsha kutoka kwenye mwani, kisha akaviweka vijiti darini, chini ya mabati, kaskazi nzima, miezi ya joto kali.

Bi Biasha akaletwa mjini, akapimwa sukari na kufungwa kidonda hospitali. Alipotoka huko akapitishwa maabara.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Wamenitoboa kidole huko, nawe wataka?"

"Tone moja tu."

Wakil, mwenzake Ilham kazini, ndiye aliyempeleka hospitali, na alikijua kipimo cha huko.

"Usinambie mpaka nipime," Ilham alimwambia.

Akachukua kijiti kilichotoka darini, akakichomeka kwenye waya, akamtoboa shangazi kidole, akakigusisha kwenye tone. Kwenye kompyuta mstari ulilala kimya. Ilham akaanza kukata tamaa. Mara ukanyanyuka, ukapanda, ukatulia.

Miaka yote alikuwa akisoma na kusomesha namna mstari ule unavyopanda. Leo alihisi nywele za mikono zinamsimama. Kitu kisichoonekana kwa jicho kilikuwa kimekaa darini kwenye joto lote lile, na bado kilijua kazi yake.

"Kumi na nane nukta mbili," alisema.

"Hospitali kumi na nane nukta tano," Wakil akajibu, kisha akakaa kitako kwenye kigoda. Mtu mwenye afya kwa kawaida hafiki nane.

Bi Biasha alikuwa hajauondolea macho mstari ule. "Kile kilichopanda pale ni mimi?"

"Ni sukari yako, shangazi. Kimeng'enya kinaivunja, umeme unatoka."

"Umeme, ndani ya mwili wangu huu?"

"Ndani ya tone lako. Kimeng'enya nimekifunika kwa utomvu wa mwani, kikakaa darini kaskazi nzima."

"Na mwani ndio uliokishika kisife?"

"Ndio."

Bi Biasha akakisogelea kijiti, akakitazama. "Mie nnaambiwa tu mwani wetu unakwenda kutiwa kwenye dawa za meno," alisema. "Subhanallah."

Vijiti vingine vya darini vilikuwa vimekufa, na Ilham alijua kazi iliyobaki ni kubwa kuliko iliyokwisha. Baadaye kidonda kilichukua muda kufunga, Bi Biasha akaanza sindano za insulini, akanunuliwa viatu vya mpira vya kuingilia baharini. Lakini mchana ule hakuna aliyezungumza hayo. Shangazi aliinua kidole chake, akakiangalia kwenye mwanga wa dirisha, akakigeuza taratibu, kama cha mtu mwengine.