Pumua, Warigia

Kwa wiki mbili nzima Warigia alikuwa anadanganya, tena mchana kweupe. Byron wa kazini alipopiga simu mara ya kwanza kuuliza kama ameshasikiliza kurasa mpya, alisema kompyuta imegoma. Mara ya pili alisema ana homa, masikio yameziba. Mara ya tatu alisema stima imepotea mtaa wote wa Ngoingwa, na wakati huohuo redio ya jirani ilikuwa inanguruma nyuma ya ukuta. Byron aliisikia, akamtakia siku njema kwa adabu.

Kompyuta ilikuwa nzima na masikio yalikuwa mazima. Masikio ndiyo yaliyomlisha. Warigia alipoteza macho akiwa mwaka wa pili chuoni, akisomea hesabu. Sasa, akiwa na miaka thelathini na sita, alikuwa ameajiriwa na kampuni ndogo ya mjini Thika iliyofundisha hesabu za bridging mtandaoni, zile za watu waliopata alama mbovu shuleni na bado wanataka kuingia chuo. Baadhi ya wanafunzi hao hawakuona. Kazi yake ilikuwa kusikiliza kila ukurasa kwa ile programu inayosoma skrini kwa sauti, na kusema kama mtu asiyeona ataelewa. Mwenye kampuni alikuwa ametoa amri moja tu: hakuna kitu kinabadilishwa kabla Warigia hajasema ndiyo.

Fomula zote za tovuti ile, mia nne na kumi na mbili, zilikuwa zimewekwa kama picha. Programu ikifika kwenye picha inasema "picha" na kupita zake, na mwanafunzi anabaki hapo kama mtu aliyefungiwa mlango. Ndipo akaletwa Nafuna, mzaliwa wa Kimilili aliyekuwa amepanga chumba kule Mwihoko, aziandikie picha hizo maelezo yasiyoonekana kwenye skrini lakini yanayosomwa kwa sauti.

Nafuna hakuwa mtu wa hesabu, na mdomo wake haukuwa na breki. Kwa miaka miwili walikaa meza moja, viti viwili, Nafuna akiandika, mashine ikisoma, Warigia akipinga. Hapo chini ya mstari wa kugawanya panaishia wapi? Hiyo mbili iko ndani ya mzizi au nje? Nafuna anasonya, anaandika tena. Fomula zikiwa ndefu Warigia alikuwa na tabia ya kuzuia pumzi mpaka mashine imalize, kwa kuogopa kupotea katikati. Yeye mwenyewe hakujua. Nafuna aliiona, na siku moja, katikati ya maelezo marefu yenye mzizi na mstari na herufi chungu nzima, mashine ikasema kwa sauti yake ileile kavu: "Pumua, Warigia."

Walicheka mpaka mwenye kampuni akachungulia mlangoni. Walisema wataifuta kabla ya kuchapisha. Hawakuifuta. Nafuna aliongeza nyingine, na nyingine, hadi zikafika kumi na saba.

Kisha Nafuna akaumwa kichwa siku ya Jumatano, na Jumamosi alikuwa amekufa. Warigia alienda kumzika Kimilili, akawekewa udongo mkononi autupe kaburini, akarudi kwenye meza yenye kiti kimoja. Baadaye aliomba afanyie kazi nyumbani. Marafiki wengine hakuwa nao, na tuseme ukweli, hakuwatafuta. Kazini walimwita Madam, jirani alimwita "mama wa hapo". Mwaka mmoja na nusu sasa, siku nyingi aliyemwita kwa jina lake ni mashine.

Halafu akaja huyu Byron, fundi mpya wa tovuti, kijana mchapakazi asiye na kosa lolote, na ndiyo maana ilikuwa vigumu kumchukia. Aliziondoa picha zote akaandika fomula upya kama hesabu yenyewe, kwa namna ambayo programu inaweza kuingia ndani. Unabonyeza mshale, uko juu ya mstari. Unabonyeza tena, uko chini. Unarudi, uko nje, na hujapotea. Warigia mwenyewe alikuwa ameomba kitu hicho kwa miaka mitatu. Siku kilipofika alikisikiliza dakika tano tu akajua kwamba ni kizuri, na kuanzia hapo akaanza kudanganya.

"Hatuwezi weka zote mbili, mpya na za zamani?" alimuuliza Byron siku moja, kama anayeuliza kwa niaba ya mtu mwingine.

"Zitasomwa double, Madam. Watu watachanganyikiwa. Lakini usijali, zile za zamani nitakusevia kwa faili."

Faili! Warigia alishukuru kwa mdomo tu. Maneno ya Nafuna yalikuwa yakimkuta kazini, pale pumzi ilipokwama. Kwenye faili yatamkuta wapi?

Simu ya wanafunzi waliohitaji msaada ilikaa kwake. Alhamisi asubuhi alipiga Cindy, msichana asiyeona wa Gitothua. Walikuwa wamewahi kuongea mara moja, miezi mitatu nyuma, Cindy alipouliza kwa heshima zote, "Madam, Warigia ni nini? Nimeitafuta kwa notes zote siioni." Warigia alishikwa na aibu, akajibu haraka kwamba ni makosa ya kuandika, aruke tu. Alipokata simu alilia, kwa sababu alikuwa amemwita Nafuna makosa.

Leo sauti ya Cindy ilikuwa chini.

"Madam, nimefeli mtihani wa mock. Tena."

"Pole. Ni wapi pamekushinda?"

"Ni zile fomula refu. Siwezi rudia kipande, lazima nianze mwanzo. Nikifika mwisho, mwanzo nimesahau. Ile moja nimesikiza mara arobaini, si mchezo. Na mtihani ni wiki ijayo, Madam, na hii ni mara ya tatu. Brathe yangu amesema nikianguka nirudi Murang'a, ati hesabu si ya watu kama sisi."

Warigia alihisi uso unamchoma. Dawa ya msichana huyu ilikuwa ndani ya kompyuta yake, na kwa wiki mbili alikuwa ameikalia.

"Nipe mpaka kesho," alisema.

Alizipitia kurasa mpya za Byron hadi mwisho, kisha mchana akazisikiliza zile "Pumua" za Nafuna, zote kumi na saba, moja baada ya nyingine, akiwa amekaa wima kama yuko kanisani. Kwa ile ya mwisho Nafuna alikuwa ameongeza kidogo: "Pumua, Warigia. Chai inapoa." Hiyo aliirudia mara tatu. Kisha akampigia Byron.

"Weka."

"Umesikiza zote?"

"Zote. Ni kazi nzuri, Byron. Na unisamehe. Ile siku stima haikuwa imepotea."

"Najua, Madam," Byron akasema polepole.

Saa kumi jioni ilikuwa tayari. Warigia alifungua ukurasa wa fomula ndefu, akaingia juu ya mstari, akaingia ndani ya mzizi, akatoka, akashuka chini. Kila kitu kilikuwa mahali pake. Alifika mwisho wa ukurasa bila kuitwa popote, akafunga kompyuta, na nyumba ikawa kubwa kuliko alivyoizoea.

Jumamosi Cindy alipiga tena, na safari hii alianza kuongea kabla ya salamu.

"Haiya, Madam! Nimeshika! Naingia ndani, natoka, nikipotea narudi kipande tu. Jana nimefanya maswali ishirini, nikakosa mbili peke yake!"

"Nimefurahi sana, Cindy." Na kweli alifurahi, hata machozi yakamlenga.

"Lakini Madam..." Cindy alisita. "Ile kitu uliniambia ni makosa. Imetoka."

"Imetoka."

"Sawa. Ni vile tu nilikuwa nimeizoea. Nilikuwa nafikiria kuna mtu mwingine kama mimi huko ndani, hesabu inamsumbua, na kuna mwenye anamngojea. Akiambiwa apumue, na mimi napumua. Saa hii ni mimi tu na hesabu."

Warigia aliishika simu kwa mikono miwili. Angeweza kusema pole na kumtakia mtihani mwema, na mambo yaishie hapo. Ndivyo alivyokuwa akifanya na watu tangu aliporudi kutoka Kimilili.

"Cindy, haikuwa makosa. Nilikudanganya."

"Aki?"

"Warigia ni mimi."



"Na huyo mwenye alikuwa anakungojea," Cindy akauliza, "alikuwa nani?"

Warigia hakuwa amelitamka jina hilo kwa mtu yeyote tangu siku ya mazishi. Aligundua kwamba amezuia pumzi. Akaiachilia.

"Alikuwa anaitwa Nafuna," alisema. "Kama una nafasi, kaa nikuambie."

"Niko, Warigia," Cindy akasema. "Niambie."