Bawa la Kushoto

Binti yao alidhani ameleta zawadi, kumbe kaleta ugomvi ndani ya boksi.

Ilikuwa ndege ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe, vipande mia na ushee, aina ileile ambayo baba yake aliitengeneza kwenye karakana ya uwanja wa ndege miaka thelathini na moja, mpaka mtaa mzima ukamwita Spana. Mwaka uliopita kiharusi kilimpitia, kikamwachia mkono wa kulia mzito kama si wake. Daktari akasema vidole vipewe kazi. Binti akasema basi, vipewe ndege.

Lakini ndege yenyewe, jamani! Aliyeitengeneza sijui alikuwa na haraka ya kwenda wapi. Nusu mbili za kiwiliwili zilipinda kila moja na upande wake, magurudumu hayakulingana, na bawa la kushoto likiegeshwa mahali pake liliacha pengo la kupitisha njiti ya kiberiti. Wiki ya tatu Spana alilitupa mezani.

"Hiki kikinishinda, mama watoto, msiniletee kitu kingine tena. Mniache nikae."

Mkewe, fundi cherehani, alikuwa akitia upindo suruali ya jirani. Aliisimamisha cherehani, maana kukaa huko alikujua. Tangu siku ile kliniki, karani alipomsogezea mumewe kikopo cha wino atie dole gumba badala ya saini, mzee hakuvuka geti tena. Mtu ambaye bila saini yake ndege hairuki!

"Si ulikate kidogo pembeni?" akamwambia.

"Nikate?" Spana alimtazama kama ametukanwa. "Kipande kisichoingia hakilazimishwi wala hakikatwi. Kinarudi stoo, unapewa kingine."

"Na stoo iko wapi humu ndani? Kabatini kwangu?"

Hakucheka. Akaenda kujilaza.

Hapo ndipo mama wa watu alipokosea. Kwake yeye kila kitu hukatwa ndipo kikaenea. Mkono wa shati ukigoma kuingia begani, unapunguzwa na maisha yanaendelea. Mume akikoroma, alichukua wembe wa kufumulia nyuzi na tupa yake ya kucha, akalikwangua shina la bawa kidogo kidogo, anajaribisha, anakwangua, mpaka likakaa. Akalitia gundi, akapuliza unga wote, akarudi kwenye suruali yake. Mzee akiamka atalikuta limeshika, atafurahi, wala hatauliza. Ndiyo hesabu aliyoipiga.

Spana aliamka, akaketi, akainyanyua ndege kwa mkono wa kushoto. Akapitisha kidole kwenye kiungo, taratibu.

"Nani kafanya hii kazi?"

"Kazi gani?"

"Usinichezee. Mkono wangu haukati mstari ulionyooka hivi. Siku hizi hata kijiko..."

Mwanamke alijiona kammaliza mumewe kwa mikono yake mwenyewe. "Ni mimi," alisema, na machozi yakamtoka. "Sikutaka ikushinde."

"Umefanya halafu ukaficha?" Sauti ilipanda, ile ya karakana, ambayo hakuisikia mwaka mzima. "Kwetu hakuna kazi ya kuficha! Fundi anafanya, anasaini. Mwingine anakagua, anasaini. Anayefanya hajikagui. Lete daftari!"

Daftari pekee lililokuwepo lilikuwa la vipimo vya wateja. Chini ya kiuno cha mama mmoja jirani, Spana akamwandikisha: bawa la kushoto, limepunguzwa, limebandikwa. Akamsainisha. Kisha akaielekeza ndege dirishani, akafumba jicho moja.

"Limeinama. Ncha iko chini kuliko ya kulia. Irudiwe."

"Irudiwe? Nimekwangua saa nzima!"

"Irudiwe, fundi."

Miaka yote ya ndoa hajawahi kumwita fundi. Mkewe alilibandua bawa akinung'unika, lakini kununa kwenyewe kulikuwa kwa uongo. Akalirekebisha, akalitia gundi upya, akatafuta kitu cha kuligandamiza. Spana akauinua mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akaulaza juu ya kiungo.

"Mzito huu. Leo ufanye kazi."

Walikaa hivyo robo saa, kama watu wanaolinda mtoto aliyelala. Halafu akakagua tena.

"Sawa sasa."

"Haya," mkewe akasogeza daftari na kalamu. "Mkaguzi asaini."

Spana aliitazama kalamu. "Nisainie wewe."

"Anayefanya hajikagui. Umesema mwenyewe."

Aliishika kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushikilia. Ilichukua muda. Saini ilipanda juu, ikateleza, ikaangukia kwenye kiuno cha yule mama. Akalisukuma daftari bila kumtazama mtu.

"Ndiyo hiyo."

Mkewe alivaa miwani, akaliinua daftari dirishani, akafumba jicho moja.

"Imeinama. Irudiwe."

Spana akamkodolea macho. Kisha alicheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa mkono wa shati, akavuta daftari, akafungua ukurasa mtupu. Ya pili mkewe aliikataa. Ya tatu akaikataa pia, bila huruma.

"Kliniki ni lini?" Spana aliuliza, akianza ya nne, kichwa kimeinama.

"Alhamisi."

"Siku hiyo nitilie kalamu mfukoni."